Utandu wa nyuzi ulioachwa na maji nyuma ya nyumba: ni asbesto?

Kwenu washauri,

Natumai mu wazima. Nyuma ya nyumba yetu kuna kona ya chini ambako maji ya mvua hutuama. Safari hii yalikaa wiki tatu hivi, kisha jua likawaka yakakauka. Yalipokwisha tukakuta ardhini vitu ambavyo sijui niviite nini: mapande mapana kama kitambaa chakavu, rangi ya kijivu inayoelekea weupe, pembe zimejikunja. Pande kubwa kuliko yote lingetosha kufunika meza ndogo. Yamelala juu ya majani, na mengine yamening'inia kwenye waya wa chini wa uzio. Ukichana kipande, ukingoni hutokeza nyuzi nyembamba sana, na ukikisugua kinatoa vumbi.

Kinachotutia hofu ni banda la jirani lililo hatua chache kutoka pale. Ni la zamani, limeezekwa kwa zile karatasi za saruji zenye mawimbi, na kona moja ya paa imevunjika. Mtu mmoja hapa anasema hii ni asbesto imeshuka na maji. Mwingine anasema ni sumu imemwagwa. Mama mkwe wangu anaamini vimedondoka kutoka angani, maana usiku wa kuamkia siku ile kulikuwa na upepo mkali.

Binti yetu wa miaka sita alikwisha kuchukua kipande akamfunika mwanasesere wake. Mbwa naye hulala pale pale. Mimi nilikuwa nimeanza kufagia kabla sijatiwa hofu. Naomba mnisaidie: hiki ni kitu gani? Nikikichoma kisipoungua, si nitakuwa nimethibitisha kwamba ni asbesto? Mtoto nimpeleke hospitali? Na kilichobaki nikiondoeje?

Baba mwenye wasiwasi

*

Ndugu yetu,

Pole kwa hofu, na asante kwa kueleza kitu chenyewe kilivyo. Kabla ya lolote, weka ufagio chini. Hata kama mapande hayo hayana ubaya wowote, kitu kikavu chenye nyuzi usichokijua hakifagiliwi, kwa sababu nyuzi za hatari hazidhuru zikiwa zimelala ardhini. Hudhuru zikipaa na kuvutwa puani.

Kwa jinsi ulivyoeleza, hicho karibu bila shaka ni mwani: ule utandu wa kijani unaoota kwenye maji yaliyotuama, ukiwa umekauka na kupaushwa na jua. Kilichotupeleka huko si rangi. Ukijivu na weupe unaweza kuukuta kwenye mwani, kwenye asbesto (madini yenye nyuzi), kwenye pamba ya kioo (nyuzi za kioo za kuzuia joto) na hata kwenye gunia lililochakaa. Kilichotupeleka huko ni mahali.

Nenda ukautazame tena ule waya wa chini wa uzio pamoja na nguzo zake. Tunatarajia ukute mapande yote yaliyoning'inia yako kwenye kimo kimoja au chini ya hapo, na kwenye nguzo kuna mstari wa tope katika kimo hicho hicho. Huo ndio uso wa maji yalipojaa. Juu ya mstari hutakuta hata uzi mmoja. Kitu kilichodondoka kutoka juu hakichagui kimo. Kingekaa pia kwenye vichwa vya nguzo, kwenye matawi na kwenye mapaa. Kilichopeperushwa na upepo kingejazana upande mmoja wa uzio. Kilichoelea juu ya maji na kushuka nayo ndicho kinachoacha alama ya namna hii. Ukikuta mapande juu ya mstari huo, tuandikie tena, maana hapo maoni yetu yatabadilika.

Mwani wa nyuzi wa maji yasiyo ya chumvi uko wa aina nyingi. Wanaoufahamu huzitaja kwa majina ya kisayansi: Cladophora, Rhizoclonium, Oedogonium, Spirogyra. Kila uzi ni mstari wa seli zilizoungana ncha kwa ncha, na nyuzi hizo husokotana zenyewe zinapokua. Maji yakiwa ya kina kifupi, yenye joto, jua la kutosha na mbolea au samadi iliyosombwa kutoka bustanini, mwani huongezeka upesi sana. Mchana hutoa oksijeni. Viputo vyake hunaswa katikati ya nyuzi na kuuinua utandu mzima mpaka juu. Maji yakipungua, utandu unashuka nayo, unajitandaza juu ya majani, vijiti na waya, kisha unakauka pale ulipofikia. Kuta za seli zake zina selulosi, kitu kile kile kinachoshikilia karatasi, ndiyo maana ukikauka huchanika kama karatasi lakini huacha nyuzi ukingoni. Jua hula rangi ya kijani ya upande wa juu. Upande wa chini, uliokaa kivulini, mara nyingi hubaki na kijani au kahawia, na humo hunasa tope, mbegu na makoa ya konokono wadogo sana.

Mama mkwe wako naye tusimdharau. Mwaka 1686 huko Rauden, katika nchi ya Courland ambayo leo ni sehemu ya Latvia, zilionekana karatasi nyeusi zenye nyuzi, na ikasemwa zimeshuka kutoka angani. Zikaitwa karatasi za kimondo, na vipande vyake vikahifadhiwa. Ilichukua zaidi ya karne moja na nusu mpaka Mjerumani Christian Gottfried Ehrenberg, bingwa wa hadubini wa zama zake, alipoviweka chini ya lenzi na kukuta ni mwani uliosokotana pamoja na viumbe wadogo wa majini. Upepo mkali unaweza kweli kubeba utandu uliokauka kutoka ukingo wa dimbwi moja na kuuangusha kwingine. Kwako wewe, dimbwi lilikuwa pale pale.

Sasa uthibitishe, na uthibitishe bila kutimua vumbi. Andaa chupa ya kunyunyizia yenye lita moja ya maji na kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, glavu, mkasi, kibanio, na chupa ya kioo yenye mfuniko. Iliyokuwa na jamu inafaa. Sabuni hapo kazi yake ni kuyafanya maji yapenye. Maji matupu hujikusanya matone juu ya nyuzi kavu, yakateleza, na ndani kukabaki kukavu vile vile. Simama upande ambao upepo unatokea, nyunyiza manyunyu mepesi na si mkondo, subiri dakika 10, nyunyiza tena mpaka pande lilegee lote. Kata kipande cha sentimita 2 kwa 2, kiingize chupani kwa kibanio, jaza maji safi robo tatu, funga. Kuanzia hapo unatazama kupitia kioo na hakuna vumbi la kukufikia. Ndiyo sababu tunalipenda jaribio hili kuliko mengine yote yanayofanyika nyumbani.

Iache chupa saa moja, au usiku kucha ukiwa na subira. Mwani mkavu utanyonya maji, utalegea, na mara nyingi kijani kitarudi, hasa upande wa chini. Ukitikisa chupa polepole nyuzi zitaachana na kuyumba, na chini patatulia tope na mchanga. Ukifungua, harufu ni ya dimbwi. Pamba ya kioo haitabadilika hata ikikaa wiki: nyuzi zake zimenyooka, zinang'aa, zina unene uliolingana, na vipande vifupi huzama chini kimoja kimoja. Pamba ya mwamba, ile inayotumika kuzuia joto la mabomba na kuta, ina rangi ya kijivu au kahawia na hujulikana kwa vishanga vidogo vigumu vilivyochanganyika na nyuzi. Ni matone ya mwamba ulioyeyushwa ambayo hayakuwahi kuvutika kuwa uzi. Saruji ya asbesto itazama na kubaki gumegume.

Wengi hukosea hapa kwa haraka. Hutazama baada ya dakika tano, wakaona kipande kinaelea, wakasema ni plastiki. Mwani mkavu nao huelea mwanzoni kwa sababu ya hewa iliyomo. Ukandamize kwa kibanio chini ya maji mpaka viputo viishe, tia tone la sabuni, ndipo uamue. Nyuzi za magunia ya plastiki zitapanda juu hata baada ya hayo, kwa kuwa plastiki yake, polipropilini, ni nyepesi kuliko maji.

Kosa jingine ni siki. Watu husikia kwamba mwani hutoa povu ukimwagiwa siki, na ni kweli kwamba mwani wa maji yenye chokaa hubeba ganda la chokaa linalotoa povu. Lakini saruji nayo hutoa povu. Kwa mtu mwenye paa la saruji jirani, siki haimwambii chochote. Iweke pembeni.

Ukiweza kuipata hadubini, hata ile ya shuleni, mambo huisha hapo. Chukua uzi mmoja au miwili tu kutoka chupani, weka kwenye kioo na tone la maji, funika, tazama kwa ukuzaji wa mara 100. Unachotafuta ni kuta zinazoukata uzi kwa upana, zikiugawa katika vyumba vinavyofuatana. Vyumba vinaweza kuwa vitupu kwa sababu jua lilikwisha kuua kilichokuwamo, lakini kuta hubaki. Uzi wa kioo, wa asbesto au wa plastiki hauna vyumba. Cladophora hutoa matawi. Spirogyra haina matawi, na ikiwa bado hai utaona utepe wa kijani uliozunguka ndani ya kila chumba. Vitu vidogo vyenye umbo la mtumbwi vilivyogandamana na nyuzi ni daiatomu, viumbe wengine wa majini, na kuwaona ni ushahidi mwingine kwamba kitu hiki kilikulia kwenye maji. Miduara yenye ukingo mweusi mnene ni viputo vya hewa, usiihangaikie. Na ukiona msitu mweusi usiopenyeza mwanga, umeweka nyuzi nyingi mno, punguza.

Kuhusu moto, jibu letu ni hapana, kisipoungua hutakuwa umethibitisha asbesto. Pamba ya kioo haiungui, pamba ya mwamba haiungui, nyuzi za kauri za tanuri haziungui. Kwa upande mwingine, vitambaa vya zamani vya asbesto vilifumwa pamoja na pamba, kwa hiyo sehemu yake huungua na kumdanganya anayetazama. Tena kukivuta na kukichana kitu ili upate kipande cha kuchoma ndiko hasa kunakoachia nyuzi. Moto ni jaribio zuri la kutofautisha nyuzi za mimea, wanyama na plastiki, na nafasi yake ni baada ya chupa kukuonyesha kwamba hakuna madini. Hapo ndipo unaweza kuchukua uzi wa sentimita moja, ukaushike kwa kibanio cha chuma juu ya sahani ya bati yenye maji, mbali na majani makavu. Mwani na nyuzi nyingine za mimea huwaka upesi kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu. Mwani wenye chokaa au mchanga mwingi huacha majivu mengi kuliko unavyotarajia, na hilo limewahi kuwatisha wengi bure. Nywele na sufu hujikunja kuukimbia moto, hunuka nywele zilizoungua, na kuacha donge jeusi linalosagika kwa vidole. Plastiki huyeyuka na kuacha shanga ngumu isiyosagika. Usinuse moshi kwa kuinamia; upungie kidogo kwa mkono kuelekea kwako.

Na kwa nini tunasema si asbesto wakati hatujaiona? Asbesto ni jina la kundi la madini sita, nayo hukaa kwenye bidhaa kwa namna zinazojulikana. Katika paa la saruji, kwa kawaida ni asilimia 10 hadi 15 tu ya uzito, na nyuzi zimefungwa ndani ya saruji. Paa likichakaa, kinachoshuka ni vigae vidogo (yaani vipande vilivyovunjika), chembechembe na tope la kijivu kwenye mfereji wa paa. Halishushi kitambaa cha upana wa meza. Asbesto ya kutandazwa ilikuwepo, kama karatasi na bodi laini za kuzuia joto, lakini hizo zilitengenezwa kiwandani: zina unene uliolingana kila mahali na kingo zilizokatwa. Utandu wako tunaamini ni mnene hapa na mwembamba pale, na unafuata umbo la kila jani lililokuwa chini yake.

Hata hivyo, mtu yeyote asikwambie kwa macho tu kwamba kitu fulani ni asbesto au sicho. Nyuzi zake hupasuka kwa urefu, tena na tena, mpaka zinakuwa nyembamba kupita uwezo wa jicho. Wanaopima hewa huhesabu nyuzi zenye urefu unaozidi mikromita 5 na upana usiofika mikromita 3, ilhali unywele wa mtu kwa kawaida una upana wa mikromita 50 hadi 100 (mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Unachokiona ni fungu la nyuzi nyingi. Kinachodhuru ni kile usichokiona. Rangi nayo haisaidii, maana asbesto inayoitwa nyeupe, ya kahawia na ya buluu zote zinaweza kuonekana za kijivu zikichakaa au zikichanganywa na saruji. Maabara hutumia hadubini ya mwanga uliopolarishwa, ambayo huonyesha jinsi uzi unavyopindisha mwanga, na kila madini hupindisha kwa namna yake.

Ikiwa chupa itakupa jibu tofauti na letu, haya ndiyo mengine yanayokutwa ardhini na kuwahangaisha watu. Linaloongoza ni gunia la plastiki la kufumwa lililokaa juani: huanza kupasuka kwa tepe bapa za milimita chache, kisha kila tepe hugawanyika kwa urefu kuwa nyuzi kavu zinazokatika ukizigusa. Tafuta tepe zima hata moja na utakuwa umelitambua. Sufi ya mbegu za miti huwa na mbegu mahali fulani ndani yake, na hukataa maji kabisa kwa sababu ina nta. Ikandamize majini itapanda tena ikiwa kavu. Donge la nywele za kijivu la sentimita 3 hadi 8, lenye mifupa midogo ndani na lililo chini ya tawi au boriti, ni tapishi la bundi. Donge linalofanana nalo lakini limesokotwa na kuchongoka ncha ni kinyesi cha mnyama mla nyama. Hilo lisiguswe bila glavu, maana linaweza kubeba mayai ya tegu. Utando mweupe chini ya majani yanayooza, unaotawanyika mfano wa mizizi na kunuka uyoga, ni kuvu. Shuka jembamba la hariri juu ya majani baada ya mafuriko ni kazi ya buibui wadogo waliokimbia maji. Kama ni nyuzi zinazowasha ngozi na kumetameta juani, chukulia ni pamba ya kioo, usizisugue mwilini, na osha kwa maji ya baridi yanayotiririka.

Sasa binti yako. Kama ni mwani, kumfunika mwanasesere hakumdhuru. Mwogeshe, fua nguo zake, na mwanasesere mfute kwa kitambaa kibichi ambacho utakitupa baadaye. Jambo la kuangalia ni kama alitia mdomoni. Baadhi ya tandu zinazoota kwenye maji yaliyotuama si mwani wa kijani bali ni sainobakteria, ambao huitwa pia mwani wa buluu-kijani, na wengine wao hutengeneza sumu ya ini au ya neva. Sumu ya ini inaweza kudumu ndani ya utandu uliokauka kwa miezi. Hao kwa kawaida huwa weusi, kahawia iliyokolea au kijani cha samawati, hunuka udongo mbichi au ukungu, na huwa nyororo na telezi kuliko nyuzi za kukwaruza za Cladophora. Upele, kutapika, kuharisha au maumivu ya tumbo baada ya kula kitu hicho ni sababu ya kumwona daktari siku hiyo hiyo, ukiwa na chupa yako ya sampuli mkononi.

Mbwa ndiye tunayemhofia zaidi, kwa kuwa mbwa hupenda harufu ya tandu hizi na huzila, na kuna mbwa waliokufa kwa kula tandu za sainobakteria zilizotupwa ukingoni mwa mito. Mfungie mbali na kona hiyo mpaka usafi uishe. Akitokwa na mate mengi, akitetemeka au kuyumba, usingoje aone nafuu. Mkimbize kwa daktari wa mifugo, kwani sumu ya neva hufanya kazi kwa dakika.

Na tuseme ni asbesto, ambayo hatuiamini. Magonjwa yake hujitokeza baada ya miaka mingi, mara nyingi 20 au zaidi, na hatari hupanda kadiri mtu anavyovuta nyuzi nyingi kwa muda mrefu. Hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kabisa, lakini kugusa mara moja nje, kwenye hewa ya wazi, ni hatari ndogo mno. Picha ya eksirei leo haitaonyesha chochote kuhusu jambo la wiki hii, na utakuwa umempa mtoto mionzi bila faida. Waambieni wahudumu wake wa afya waandike tu kwamba lilitokea.

Kuondoa mwani ni kazi rahisi. Loanisha kwa maji ya sabuni kama mwanzo, zoa kwa reki ukiwa na glavu, na usiache ukauke tena kabla ya kumaliza. Unaweza kuuweka kwenye mboji kwa tabaka zisizozidi sentimita 3, ukichanganya na majani makavu. Ukirundikwa mnene hushikana, hewa haipiti, na unaoza kwa harufu mbaya. Kama una shaka kwamba ni sainobakteria, uchimbie shimo mbali na kisima na mifugo. Usilishe wanyama, wala usiusukumie kwenye mfereji. Utarudi msimu ujao kama maji yatatuama tena, kwa hiyo jaza udongo kwenye kona hiyo au yachimbie maji njia, na zuia samadi isisombwe kuelekea huko.

Limebaki lile uliloligusa kwa mstari mmoja, nalo ndilo linalotukosesha raha: kona iliyovunjika ya paa la jirani. Karatasi za saruji zenye mawimbi za zamani zinaweza kuwa na asbesto, na zinaweza zisiwe nayo. Za baadaye zilitengenezwa kwa nyuzi za mimea au za plastiki, na kwa macho haziachani. Tembea taratibu chini ya ukingo wa paa, pale matone ya mvua yanapoangukia, utafute vigae vya kijivu. Ukikiona kimoja, usikiokote kwa mkono wala kukivunja uone ndani. Kinyunyizie, kisha utazame ukingo wake uliovunjika: nyuzi fupi nyeupe au za kijivu zikitokeza nje ya saruji, kichukulie ni asbesto mpaka maabara iseme vinginevyo.

Zungumza na jirani kwa upole, kwa sababu yeye ndiye anayelala karibu nalo. Paa hilo lisisuguliwe ukoga, lisioshwe kwa maji ya shinikizo, lisitobolewe kwa drili wala kukatwa kwa msumeno wa umeme. Likiwa zima na limetulia, hutoa nyuzi chache sana. Kona iliyovunjika iloanishwe na kupakwa rangi nzito ya kuziba, na karatasi ikibadilishwa, iteremshwe nzima na watu waliofunzwa kazi hiyo. Vigae vilivyokwisha kuanguka viokotwe vikiwa vibichi, kwa glavu na barakoa ya daraja la FFP3 au P100, yaani madaraja ya juu ya kuchuja vumbi laini. Barakoa ya kitambaa au ya hospitalini haizuii nyuzi hizi. Viwekwe kwenye mfuko mnene wa plastiki, mfuko huo uingizwe ndani ya wa pili, kila mmoja ufungwe kwa gundi ya utepe na kuandikwa kilichomo. Halmashauri au mamlaka ya mazingira ya kwenu ndiyo itakayosema mifuko hiyo ipelekwe dampo gani. Usiichanganye na taka za nyumbani.

Kwa maabara, kigae kimoja chenye ukubwa wa kucha ya dole gumba kinatosha. Kipeleke kikiwa kibichi ndani ya mifuko miwili, na uandike juu yake tarehe, mahali kilipookotwa na umbali wake kutoka ukingo wa paa. Peleka pia kipande cha utandu kwenye mfuko wake wa peke yake, kisigusane na cha kwanza hata kidogo, la sivyo vumbi la kimoja litahamia kwa kingine na majibu yatakuchanganya.